Leaf 40 au Ioniq 28? Nimekaa na zote mbili, ngoja nikujibu

Mkuu umeuliza kuhusu magari ya umeme, uchukue Nissan Leaf ya 2018 yenye betri ya 40 au Hyundai Ioniq ile ya kwanza yenye betri ya 28, bei zinakaribiana, na wengi wamekwambia chukua Leaf maana betri kubwa ndo inafika mbali. Aisee usikimbilie huko. Hizo 40 na 28 ni saizi ya tenki tu, ni sawa na mtu akwambie gari lake lina tenki la lita 60 halafu anyamaze bila kusema kama ni Land Cruiser au Vitz.

Mimi niko Birmingham, Uingereza, Leaf nimekaa nayo miaka mitatu, Ioniq ni ya mama watoto alinunua baadaye, na shemeji yangu anakaa Glasgow kwa hiyo ile njia ya M6 kupandisha mpaka M74 tumeipiga sana kwa gari zote mbili. Ni kama kilomita 470, chukulia Dar Dodoma na chenji kidogo.

Tuanze na ulaji wa umeme. Nitasema uniti kama zile za LUKU maana ndo kitu kilekile, kilowati-saa, na hizo 40 na 28 za betri ni uniti hizohizo. Mwendo wa 110 barabara kuu, hali ya hewa ya kawaida, Leaf yangu inakula uniti 19 kwa kilomita 100, Ioniq inakula 15. Sababu kubwa ni umbo, Ioniq imelala chini halafu nyuma imechongoka, upepo unateleza tu, Leaf imesimama kama kabati. Sasa piga hesabu: Leaf kwenye ile 40 unayotumia kweli ni kama 37, gawa kwa 19 unapata kilomita 195. Ioniq 28 zote unazitumia, gawa kwa 15 unapata 185. Tofauti ya betri kubwa yote ile imebaki kilomita 10! Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilidhani nimekosea kuandika.

Makaratasi ya kiwandani yanasema Leaf kilomita 270 na Ioniq 204 kwa kipimo cha WLTP, kile cha maabara kinachotumika Ulaya, lakini kile kipimo kina mjini na barabarani vimechanganywa, ukishaingia M6 na mvua ya Shap, kule milimani, inakupiga usoni sahau hizo namba. Januari na hita imewashwa Leaf ilikuwa inakula mpaka 23 na Ioniq 18, zote zinashuka kwenye 155 mpaka 160 hivi.

Haya sasa kuchaji, hapa ndo penyewe. Kilowati ni kasi ya umeme kuingia, Leaf inachukua mwisho kilowati 50 kwa makaratasi, mimi nilikuwa naona 45 hivi chaji ya kwanza, kutoka asilimia 20 kwenda 80 dakika 38. Sio mbaya. Shida ni chaji ya pili na ya tatu siku hiyohiyo, betri ya Leaf haina feni wala maji ya kuipoza, ukitembea mwendo mkali inachemka, ukichaji kwa kasi inachemka zaidi, na kompyuta ya gari inabana umeme ili kuilinda betri isife. Jambo hili lilishasemwa sana tangu 2018 gari ilipotoka na kampuni ikatoa programu mpya ya kupunguza kubanwa, lakini joto ni joto. Safari moja ya Agosti kosa langu mwenyewe, nilikuwa nakanyaga 120 nikitaka kuwahi chakula cha mchana, chaji ya pili dakika 50, ya tatu saa na ushee, watoto wameshamaliza chipsi na ugomvi umeanza. Tulikula usiku. Baridi ikiwepo shida hii inapungua sana, nisiisingizie.

Ioniq kwenye chaja ya kilowati 100 na kuendelea inavuta karibu 70 na inashikilia hapo mpaka kama asilimia 77, haitetereki, halafu betri yake inapozwa kwa feni. Asilimia 15 mpaka 80 dakika 20 tu, unatoka chooni unaikuta tayari. Dakika 20 hizo zinakupa kilomita 120, na Leaf kupata kilomita hizohizo 120 ni dakika 38 ukiwa na bahati. Glasgow zote mbili zinasimama mara tatu, ila Ioniq jumla ya kusimama ni saa moja na robo hivi, Leaf saa mbili na nusu. Ukikuta chaja za zamani za 50 tu, Ioniq inashuka kwenye 45, bado inashinda lakini sio kwa kishindo.

Na usichanganye, Ioniq iliyofuata yenye betri ya 38 inafika mbali zaidi lakini kuchaji ni pole kuliko hii ya 28. Ndio, mpya ni pole kuliko ya zamani, nami nilishangaa.

Halafu soketi ya chaji ya kasi, ziko aina mbili na haziingiliani. Leaf ni CHAdeMO na huku Uingereza vituo vipya vinaweka CCS nyingi, CHAdeMO unakuta moja pembeni na kuna mtu ameshaweka foleni. Ioniq ni CCS.

Ila kama safari zako ni kazini na kurudi, unachaji usiku nyumbani, mimi mwenyewe ningekwambia Leaf. Buti kubwa, ina nguvu zaidi, watu wazima nyuma wanakaa vizuri, mjini huhitaji chaja ya kasi wala betri haichemki. Ndugu walioko Dar wanaoagiza Leaf za Japan wako kwenye kundi hilihili.

Ukienda kuiangalia Leaf hesabu vile vibao vya afya ya betri kwenye dashibodi, vikiwa kamili ni 12, na nunua kile kidude cha OBD cha kuchomeka kwenye gari ili simu isome kompyuta yake, uweke app ya LeafSpy kwenye simu, itakuonyesha mpaka imechajiwa kwa kasi mara ngapi. Muuzaji akikataa usichomeke, ondoka.