Niliachiwa huru: kesi niiandike kwenye fomu ya ajira serikalini?

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuliruka swali la kesi kwenye fomu ya ajira ya serikali kwa kuwa mahakama ilikuachia huru. Tafadhali lisome kwanza neno kwa neno. "Umewahi kutiwa hatiani?" jibu lako ni hapana. "Umewahi kukamatwa au kushtakiwa?" jibu ni ndiyo, hata kama ulishinda. Hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Kinachowaponza watu mara nyingi ni kuficha, si kesi yenyewe. Kosa dogo la zamani mwajiri anaweza kulipuuza. Uongo unagusa uaminifu, na unaweza kukufukuzisha hata baada ya miaka kazini.

Nenda masijala ya mahakama uombe nakala ya hukumu iliyothibitishwa. Kwenye fomu andika namba ya kesi, mahakama, shtaka, tarehe na matokeo. Nafasi ikiwa finyu, ambatisha karatasi. Kama umeshatuma, peleka barua ya marekebisho sasa, kabla ya upekuzi (uchunguzi wa historia yako) kuanza, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Ikiwa ulikuwa mtoto wakati ule, au rekodi ilifutwa kisheria, muone wakili kabla ya kujaza. Huenda sheria inakuruhusu usiitaje kabisa.