Msizike kabla ya upasuaji

Pole sana, dada. Umeandika kwamba kaka yako, mwenye kifafa na asiyeweza kujilisha, amefia kwenye makao ya watu wenye ulemavu hapa Kisumu, na wasimamizi wanasema "ni kifafa tu" huku wakihimiza mazishi.

Leo hii ripoti polisi, na usitoke kituoni bila nambari ya OB, yaani daftari la matukio la polisi. Polisi ndio watakaoagiza upasuaji wa maiti. Ombeni daktari wenu awepo. Mochari, sisitizeni mwili uwekwe kwenye friji bila kudungwa dawa ya kuhifadhi, maana formalini huvuruga vipimo vya sumu na dawa.

Alifia wapi hasa? Kifafa kikimshika mtu ndani ya beseni la kuogea, huenda kilichomuua ni maji. Kama ilikuwa wakati wa kula, daktari akague koo na mapafu, atafute chakula. Vidonda vya kulalia vipigwe picha, rula ikiwa kando.

Halafu hesabuni vidonge. Kama alipewa 60 na humeza 2 kwa siku, baada ya siku 20 vibaki 20. Vikibaki 34, kuna vidonge 14 ambavyo hakupewa. Daftari la zamu nalo polisi walichukue mapema. Kurasa za wiki nzima zenye wino mmoja na mwandiko mmoja, mimi siziamini.

Faili ikilala, iandikieni ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, mkiomba uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu.