Umeme ukikatika kwenye ghorofa la wapangaji wengi

SWALI: Shikamoo dada, tunakaa ghorofa ya nne, umeme ukikatika pampu inazima maji hayapandi na ngazi zinakuwa giza totoro, juzi bibi wa jirani kakosa ngazi kateguka mguu. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba, na mpe bibi pole sana. Mi naona muanze na hizo ngazi, mchangishane mnunue taa za kuchaji zinazojiwasha zenyewe umeme ukienda, na mpange kabisa nani anamgongea bibi mlango kumuuliza kama yuko sawa. Maji kila nyumba ijaze ndoo mapema. Friji msiifungue fungue, ikifungwa vizuri inatunza ubaridi kama masaa 4, friza iliyojaa hadi 48. Chomoeni TV na friji maana umeme ukirudi kwa nguvu unaunguza vitu. Lifti kama ipo msipande umeme ukiwa unacheza cheza.

Ila jenereta jamani, nawaomba sana, isiwashwe koridoni wala kwenye balkoni, moshi wake una gesi ya sumu inaitwa kaboni monoksaidi, haina harufu, watu wanalala hawaamki. Ikae nje, mbali na madirisha.