Kijiji kikizingirwa na maji: uombe nini wilayani, na kiasi gani?

SWALI: Mimi ni mtendaji wa kijiji kimoja cha bonde la Rufiji. Masika yanakaribia na nataka kujiandaa. Vitongoji vyetu viwili vya chini vina kaya 128, watu 640. Maji yakipanda watahamia shule ya msingi yenye madarasa 8. Taarifa ya kuomba msaada iandikweje ili isirudishwe? Visima vya pete (vilivyojengwa kwa pete za zege) vikifunikwa na maji tuviwekee dawa kiasi gani? Na je, ni lazima tungoje Rais atangaze hali ya hatari ndipo msaada utoke?

JIBU: Ndugu Mtendaji, tuanze na la mwisho maana ni fupi. Huna haja ya kungoja. Kutangaza hali ya hatari ni mamlaka ya Rais chini ya Ibara ya 32 ya Katiba, na ni jambo zito kuliko magunia ya unga na mahema. Unachohitaji wewe kimo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022, iliyoweka kamati za maafa kuanzia kijiji na mtaa, kata, wilaya, mkoa hadi taifa. Ya wilaya inaongozwa na Mkuu wa Wilaya, ya mkoa na Mkuu wa Mkoa, na uratibu wa kitaifa uko Ofisi ya Waziri Mkuu. Kila ngazi hutumia ilicho nacho kwanza, kisha hupandisha juu kile kinachozidi uwezo wake. Kwa hiyo taarifa yako lazima ioneshe mambo matatu kwa kila hitaji: kinachotakiwa, kilichopo kijijini, na pengo. Taarifa inayosema "wananchi wengi wameathirika, tunaomba chakula na makazi" ikirudishwa, si kwa ubaya wa mtu. Hakuna afisa anayeweza kupakia lori kwa neno "wengi".

Kosa linaloharibu taarifa nyingi ni kuchanganya namba. Kaya iliyoathirika ni pamoja na ile iliyopoteza shamba tu na bado inalala kwake. Kaya iliyohama ni nyingine. Nyumba iliyozingirwa na maji si nyumba iliyobomoka, na nyumba iliyoezuliwa na upepo si mojawapo ya hizo. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika pwani huku Rufiji na Kibiti bado zina maji ya mafuriko ya Aprili, ilionekana wazi kwamba maafa mawili yanaweza kukutana kwenye wilaya moja. Aliyeezuliwa bati lakini kuta zimesimama hahitaji hema. Anahitaji maturubai mawili ya mita 4 kwa 6, kamba na misumari, abaki kwake alinde mali yake. Ukimwandika kwenye orodha ya mahema, utaomba hema usilolihitaji na utakosa turubai unalolihitaji.

Kwa hiyo andaa daftari sasa hivi, kabla ya mvua: jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wanaonyonyesha, wazee wasio na msaada, wenye ulemavu, wagonjwa wanaotumia dawa kila siku. Acha safu tupu mbili, moja ya "amehama, yuko wapi" na nyingine ya hali ya nyumba. Siku ya tukio mwenyekiti wa kitongoji anajaza hizo mbili tu. Taarifa ya kwanza iondoke ndani ya saa 24 hata kama haijakamilika, ikiwa na saa na tarehe; tathmini ya haraka iwe imekamilika ndani ya saa 72. Ukingoja orodha kamili, utaipeleka watu wakiwa wamelala njaa siku nne.

Tusiache hili pia. Rangi za Mamlaka ya Hali ya Hewa (njano kwa angalizo, chungwa kwa tahadhari, nyekundu kwa tahadhari kubwa) zinakueleza mvua na upepo, hazikuelezi kimo cha mto. Maji yanayowafikia ninyi huletwa na Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, na hupitia Bwawa la Julius Nyerere. Mbingu ya kwenu inaweza kuwa nyeupe na mto ukapanda. Omba wilaya ikuunganishe na taarifa za Bodi ya Maji Bonde la Rufiji na za kufunguliwa maji bwawani, kisha kitongoji cha chini kabisa kiwe na nguzo iliyochorwa alama kila sentimita 10. Mtu mmoja aisome asubuhi na jioni na aandike. Mafuriko ya bonde hili huja taratibu na hukaa wiki nyingi, tofauti kabisa na tope lililoshuka Mlima Hanang hadi Katesh Desemba 3, 2023 kwa muda mfupi. Ninyi mna muda wa kuhama kwa mpangilio, ila kambi yenu haitakuwa ya siku tatu. Omba kwa mafungu ya siku 14.

Sasa hiyo shule. Kiwango cha kimataifa cha misaada ya kibinadamu ni mita za mraba 3.5 za sehemu iliyoezekwa kwa kila mtu. Darasa la mita 7 kwa 9 lina mita 63, yaani watu 18. Madarasa 8 yatabeba watu 144. Wanabaki 496, na hapa ndipo kambi nyingi huharibika: watu 60 hulazwa darasa moja, na baada ya wiki kunakuwa na kikohozi, upele na ugomvi. Hema la kawaida la familia lina mita za mraba 16 na huchukua watu 4 hadi 5, kwa hiyo unaomba mahema 100. Mahema yanataka nafasi: ukichukua mita za mraba 45 kwa mtu pamoja na njia, vyoo na majiko, watu 496 wanahitaji karibu ekari tano na nusu za ardhi ya juu. Itafute leo, uiandike kwenye taarifa. Madarasa wape wajawazito, wenye watoto wachanga, wazee na wagonjwa.

Maji ndiyo yanayosahaulika mara nyingi, labda kwa sababu yametapakaa kila upande. Kiwango ni lita 15 kwa mtu kwa siku kwa kunywa, kupika na kuoga, hivyo watu 640 wanahitaji lita 9,600. Siku za mwanzo nusu yake itawaweka hai, lakini si zaidi ya siku hizo. Omba matangi mawili ya plastiki ya lita 5,000, mabomba 3 (kiwango ni bomba moja kwa watu 250), na boza moja la lita 10,000 kila siku kama barabara inapitika. Kama haipitiki, omba pampu ndogo ya kuvuta maji ya mto, shabu na klorini, na hilo mzungumze na RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini.

Maji ya Rufiji wakati wa mafuriko ni tope, na klorini haifanyi kazi kwenye tope. Inaliwa na uchafu kabla ya kuua vijidudu. Anza na shabu gramu 250 kwa tangi la lita 5,000, koroga vizuri, acha masaa kadhaa mpaka tope litue, kisha hamishia maji meupe tangi la pili. Jaribu kwanza kwenye ndoo chache zenye vipimo tofauti, kwa kuwa tope la Aprili si sawa na la Mei. Kwenye maji yaliyotulia weka unga wa klorini ya HTH wa asilimia 65 hadi 70, gramu 15, ambazo ni kama kijiko kimoja kikubwa cha mezani kilichosawazishwa. Uyayushe kwenye ndoo ya maji kwanza, tia unga kwenye maji na si maji kwenye unga, mwaga tangini, subiri dakika 30. Kipimo cha vidonge kioneshe klorini iliyobaki miligramu 0.5 kwa lita pale bombani. Kikionesha sifuri, maji bado ni machafu au unga umezeeka. HTH iliyowekwa kwenye kopo lililo wazi, kwenye joto, hupoteza nguvu. Na isihifadhiwe karibu na petroli au mafuta ya aina yoyote, maana inaweza kulipuka moto. Wanaobaki majumbani wapewe vidonge vya klorini vya miligramu 67, kimoja kwa ndoo ya lita 20 ya maji meupe, viwili yakiwa na ukungu.

Vyoo: anza na tundu moja kwa watu 50, yaani matundu 13, kisha fika tundu moja kwa watu 20, yaani 32, matatu ya wanawake kwa kila moja la wanaume. Shimo likae mita 30 kutoka chanzo cha maji, na chini yake kubaki mita 1.5 kabla ya kufika maji ya ardhini. Kwenye bonde hilo mara nyingi haiwezekani. Ukichimba mita moja shimo linajaa. Hapo jenga choo kilichoinuliwa kwa kifusi au juu ya pipa linalonyonywa, na uandike hivyo kwenye maombi, la sivyo utaletewa sululu na majembe. Kila choo kiwe na ndoo yenye koki na sabuni. Mtu yeyote akiharisha maji kama ya mchele, usingoje wa pili: mpe maji ya chumvi-sukari ya pakiti, mpeleke zahanati, mjulishe afisa afya au piga 199.

Chakula hesabu yake ni nyepesi. Kwa siku, mtu mmoja: unga gramu 450, maharage 60, mafuta ya kula 30, chumvi 5. Hiyo inakaribia kilokalori 2,100. Kwa watu 640 siku 14 ni unga kilo 4,032, maharage kilo 538, mafuta kama lita 292, chumvi kilo 45. Tatizo liko kwenye kusaga. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula kwa kawaida hutoa mahindi, si unga. Mkila dona, kilo ya mahindi ni karibu kilo ya unga. Mkitaka sembe, robo hivi inabaki kwenye pumba, na mtahitaji mahindi kama kilo 5,400. Mashine ya kijiji ikiwa imezama au umeme umekatwa, mahindi yatakaa shuleni na watu wana njaa. Kwa hiyo andika pia gharama ya kusaga, na mashine ipi inafanya kazi. Andika vilevile lori la tani ngapi linapita na linaishia wapi. Kuanzia hapo ni mitumbwi: ngapi, inabeba kilo ngapi, petroli lita ngapi kwa safari, na jaketi okozi kwa kila abiria. Mamba wa mto huo hawapumziki wakati wa mafuriko, kwa hiyo hakuna kuvusha watu usiku isipokuwa kuokoa maisha.

Kugawa kufanyike kwa idadi ya watu, si kwa kaya. Kaya ya watu 3 na ya watu 9 zikipewa gunia sawa, vurugu utakuwa umeipanga mwenyewe. Tumia mizani. Orodha isomwe hadharani siku moja kabla, ibandikwe ukutani, na mezani pawe na mtu wa kupokea malalamiko ambaye si mgawaji.

Visima vya pete vishughulikiwe maji yakishaondoka, na hapa kuna haraka inayogharimu. Ardhi ikiwa bado imelowa, ukikausha kisima chote kwa pampu, maji ya nje yanasukuma pete na kisima kinabomoka. Ngoja maji ya ardhini yashuke, kisha vuta taratibu, toa tope na mizoga, sugua kuta. Kisima kijae tena na maji yawe meupe ndipo uweke dawa. Hesabu ujazo: kisima chenye kipenyo cha mita 1.2 na kina cha maji mita 3 ni 3.14 × 0.6 × 0.6 × 3, karibu mita za ujazo 3.4. Yayusha HTH gramu 50 kwenye ndoo ya lita 20, na utie lita 10 za mchanganyiko huo kwa kila mita ya ujazo. Hapa ni lita 34, sawa na HTH gramu 85. Koroga kwa ndoo yenye kamba, acha angalau dakika 30, vizuri zaidi usiku kucha, kisha vuta maji yote, yasielekee bwawa la samaki. Kisima kijae, ngoja tena dakika 30 na upime: klorini ikizidi 0.5, vuta tena. Mfuniko uliopasuka na sakafu iliyobomoka vizibwe kwa sementi kabla ya kufungua, vinginevyo mvua inayofuata inarudisha uchafu uleule.

Kuhusu nyumba zilizobomoka, waambie wananchi mapema kwamba msaada wa maafa si fidia. Yapo maafa ambayo serikali imejenga nyumba, kama ilivyofanya Hanang, lakini huo ni uamuzi wa juu na hauji kwa tathmini yako ya saa 72. Kazi yako ni kuwa na orodha sahihi yenye picha ya kila nyumba, siku uamuzi ukija.

Mbegu ziombwe kwenye taarifa ya kwanza kabisa, watu wakiwa bado kwenye mahema. Wakulima wa Rufiji wanalima mlao, yaani kilimo cha unyevu unaoachwa na mafuriko, maji yakishuka, na unyevu ule haungoji manunuzi. Hesabu ekari zilizozama kwa kila zao, mpunga, mahindi, ufuta, na zao lilikuwa limefikia hatua gani. Kwa mahindi omba mbegu ya muda mfupi, kilo 8 hadi 10 kwa ekari, ziwe zimefika kijijini siku nguzo yako itakapoanza kuonesha maji yanarudi nyuma.