Kuhusu kusaini mkataba wa franchaizi bila wakili

Ndugu uliyeuliza, umesema umepewa rasimu ya mkataba wa franchaizi, yaani wa kununua haki ya kuendesha biashara chini ya chapa (jina na mfumo) ya mwingine, umeambiwa kwamba nafasi yako itapewa mwingine usipotoa arubuni mapema, na unataka kujua kama kuna haja ya kumlipa wakili ilhali mkataba wenyewe ni ule ule wanaousaini wote. Mimi si mwanasheria, ila nimeendesha duka chini ya chapa ya mwenzangu mpaka mkataba ulipofika ukomo nikaondoka, na ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba wakili unamhitaji sasa hivi. Katika biashara hii mnunuzi ana nguvu kabla ya kusaini. Akishasaini, nguvu nyingi huhamia kwa mwenye chapa.

Nchi kadhaa zimeliona hilo na zikauwekea ulinzi muda huu wa kabla ya saini. Marekani, kwa kanuni ya tume yake ya biashara iliyotungwa mwishoni mwa miaka ya 1970, humlazimu mwenye chapa kumpa mnunuzi waraka wa maelezo wenye vipengele 23 angalau siku 14 kabla ya kusaini au kupokea fedha. Ufaransa ina sheria ya mwaka 1989 inayodai siku 20, na Malaysia, kwa sheria yake ya mwaka 1998, siku 10. Afrika Kusini imeongeza kingine kizuri zaidi: mnunuzi anaweza kuuvunja mkataba ndani ya siku 10 za kazi baada ya kusaini, bila adhabu. Uingereza, kwa upande mwingine, haina sheria mahususi ya franchaizi, na huko unabaki na mkataba wako pamoja na sheria za kawaida. Basi swali la kwanza kwa wakili liwe hili: mkataba huu unatawaliwa na sheria ya nchi gani, na sheria hiyo inanipa nini? Ukikuta haikupi chochote, omba waraka wa namna hiyo kwa hiari. Chapa inayouza katika nchi zenye masharti hayo tayari inao, kwa hiyo ikikataa kukuonyesha hata sehemu yake, hilo nalo ni jibu.

Ukiupata waraka, usianzie kwenye historia ya kampuni na picha za waanzilishi. Tafuta orodha ya kesi, kisha orodha ya maduka yaliyofungwa, yaliyouzwa na yaliyorudishwa kwa mwenye chapa, na mawasiliano ya waliotoka. Mimi niliwapigia waliotoka kabla ya kuwapigia waliomo, nikawauliza walidaiwa nini siku ya kuondoka. Wengine walisema wamesaini makubaliano ya kutozungumza. Sikuwalazimisha, lakini niliyaandika majina yao pembeni, maana wakiwa wengi ukimya wao una uzito.

Kuhusu mapato, shika jambo moja tu. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema kwamba maandishi haya ndiyo makubaliano yote, na kifungu hicho kinaweza kuzifuta ahadi zote ulizopewa kwa mdomo. Mtu wa mauzo akikutajia kiasi cha faida, mwombe akiandike pamoja na msingi wake wa hesabu. Uso wake hapo utakueleza mengi.

Mkataba wenyewe usome kuanzia nyuma, kwenye vifungu vya kusitisha, kuhuisha na kuuza. Wakili wangu aliligundua jambo ambalo pengine ningelipita: mkataba wa pango la jengo ulikuwa mrefu kuliko ule wa franchaizi, maana yake ningeweza kubaki nalipa kodi ya duka ambalo siruhusiwi tena kulifungua kwa jina lile, huku sharti la kutoshindana likinizuia kufanya biashara ya aina hiyo hiyo hapo hapo. Tulimwomba mwenye jengo haki ya kutoka mapema, akakubali. Muda wa franchaizi, wa pango na wa mkopo lazima uutazame kwa pamoja.

La pili ni dhamana binafsi. Watu hufungua kampuni wakiamini mali zao za nyumbani zimesalimika, kisha kwenye kurasa za mwisho wanasaini dhamana, yaani ahadi ya kulipa wao wenyewe deni la kampuni, inayoifuta kinga hiyo. Omba iwekewe kikomo cha kiasi na cha muda. Ni kweli kwamba mwili wa mkataba mara nyingi haubadilishwi kwa ajili ya mtu mmoja, lakini barua ya nyongeza hutolewa, na kikomo cha dhamana yangu kilipatikana kwa njia hiyo.

Kuna mengine ambayo wakili atayaona haraka: mrabaha (ada ya kutumia chapa) unaokatwa kwenye mauzo badala ya faida, hivyo unalipa hata mwaka wa hasara, eneo la kipekee lisilozuia mauzo ya mtandaoni, na usuluhishi unaofanyika katika mji wa mwenye chapa. Ila kitabu cha uendeshaji, yaani mwongozo wa mwenye chapa wa jinsi ya kuendesha duka, kisikupite. Mkataba hukulazimu kukifuata kama kitakavyorekebishwa mara kwa mara, na kwa sentensi hiyo unaweza kuagizwa kukarabati duka lote kwa gharama yako. Omba ukomo wa gharama. Hakikisha pia alama ya biashara imesajiliwa katika nchi utakayofanyia kazi, kwa kuwa usajili wa nchi moja kwa kawaida haulindi kwingine.

Kuhusu arubuni wanayokudai, wajibu kwa maandishi kwamba uko tayari kuitoa iwapo itashikiliwa na wakili na itarudishwa yote usiposaini kufikia tarehe mtakayokubaliana. Kabla hawajajibu hilo, usitume kitu.