Diski za gemu zilizotumika: anza na kuuza, kukodisha kusubiri

Ndugu yangu, nimekuelewa: una kibanda Umoja, unataka kuuza na kukodisha diski za PlayStation zilizotumika, na unahofia kuwanyima watengenezaji riziki yao.

Hofu yako ina msingi. Diski ikiuzwa mara ya pili, mtengenezaji hapati hata shilingi. Lakini mteja anayejua ataweza kuiuza baadaye ndiye huthubutu kununua mpya kwa bei kamili, na pesa ya ile ya zamani mara nyingi huishia kwenye gemu mpya. Hilo wengi hulisahau! Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza masharti ya kubana diski zilizotumika kwenye Xbox One, mashine yake ya gemu; wachezaji walilalamika hadi ikayaondoa kabla mashine haijaingia sokoni.

Kukodisha ni hesabu nyingine. Gemu ya hadithi huweza kumalizwa wikendi moja, kwa hiyo nakala moja yaweza kuzunguka kwa watu kumi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mwenye hakimiliki haki juu ya kuikodisha kwa umma, basi usianze kabla hujaongea na KECOBO (Bodi ya Hakimiliki ya Kenya) au wakili. Mimi ningeanza na kuuza tu.

Ukinunua diski, ijaribu hapo hapo, na uandike jina na namba ya kitambulisho cha muuzaji. Niliwahi kununua ya wizi, nikapoteza diski na pesa.

Tena usizamishe mtaji wote. Kuna PS5 (PlayStation 5) zisizo na tundu la diski, na gemu iliyopakuliwa haiuziki tena.