Mashimo mawili yenye zinki: msisaini bado

Ndugu, umesema kikundi chenu kina leseni ya utafiti, mashimo mawili mliyochoronga yamekuta zinki ya asilimia 18 kwenye urefu wa mita tisa, na mnunuzi anataka msaini mkataba wiki hii. Naomba msimamishe kwanza.

Mita tisa ndani ya shimo si unene wa mbale, yaani mwamba wenye madini. Kama mwamba umelala kwa mshazari na shimo limeteremka likiufuata, unene halisi unaweza kuwa mita tatu tu. Mwulizeni mjiolojia pembe ya shimo na mlalo wa mwamba, kisha shimo la tatu lichorongwe likiukata mwamba huo. Na mashimo mawili hayaonyeshi upana wala kina cha mashapo, yaani hazina yote ya madini iliyo ardhini.

Angalieni mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, Kongo. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya huko, walishachoronga sehemu iitwayo Big Zinc, yenye zinki ya takriban asilimia 35. Hata hivyo Ivanhoe, kampuni ya madini ya Kanada, walianza kuchoronga upya mwaka 2014, mashimo mengine pembeni mwa mashimo ya zamani, ili wahakikishe. Kwa utajiri wote ule!

Vile vipande vya mwamba vilivyotolewa mashimoni vipasuliwe katikati: nusu maabara, nusu mbaki nayo chini ya kufuli. Msimpe mnunuzi vyote, tafadhali. Maabara ipime pia metali za risasi, chuma na kadimiamu, na iseme zinki ni ya salfaidi (iliyoungana na salfa) au ya oksaidi (iliyoungana na oksijeni), maana usafishaji wake hutofautiana sana na bei hufuata hapo.